Lobedi ya shingo ya kuchomoka na washindani wake: tathmini ya mpangaji wa safari za mizigo iliyopita vipimo

Kazi yangu ni kupanga safari za mizigo ambayo haiingii katika vipimo vya kawaida vya barabara: ekskaveta (mitambo ya kuchimba), transfoma, matangi ya viwandani, mihimili ya chuma na, mara mojamoja, mtambo ambao hata aliyeuagiza hana hakika na uzito wake. Tathmini hii inahusu lobedi, yaani trela la mizigo mizito lenye sakafu iliyoshushwa karibu na ardhi, ya ekseli tatu na yenye shingo ya kuchomoka, ambayo nimeitumia kwa miaka miwili sasa, pamoja na matrela mengine ambayo hupendekezwa mahali pake, na pia huduma ya kupima njia kabla ya safari, kwa sababu nimekwisha kukata tamaa ya kutenganisha trela na njia. Muuzaji wa trela atakuambia linabeba tani ngapi. Hatakuambia, na pengine hajui, kwamba tani hizo hazina maana yoyote iwapo kona ya tatu baada ya lango la kiwanda ina ukuta upande wa ndani. Kwa hiyo kila sifa na kila lawama nitakayoitaja hapa inaambatana na barabara ya aina fulani, na msomaji ambaye barabara zake ni tofauti ana haki ya kufikia uamuzi tofauti na wangu.

Nianze na kimo, kwa kuwa mara nyingi ndicho kinachoamua safari kabla uzito haujaulizwa. Katika safari za kuvuka mipaka ndani ya Umoja wa Ulaya lori la kawaida lenye semitrela haliruhusiwi kuzidi kimo cha mita 4, upana wa mita 2.55 na urefu wa mita 16.5. Marekani inaruhusu upana wa mita 2.6 na uzito wa jumla wa takriban tani 36 katika barabara kuu za kati ya majimbo, lakini haina kikomo kimoja cha kimo kwa taifa zima. Majimbo mengi yamejiwekea kati ya mita 4.11 na 4.27. Chukua sasa ekskaveta yenye uzito wa tani 48, ambayo ikikunja mkono wake ina kimo cha mita 3.65 na upana wa mita 3.34. Ukiipandisha juu ya trela bapa, ambalo sakafu yake huwa karibu mita 1.5 kutoka ardhini, unapata mita 5.15. Juu ya trela la ngazi, ambalo sehemu yake kubwa imeshushwa hadi kiasi cha mita 1.05, unapata mita 4.70. Juu ya lobedi yenye sakafu ya sentimita 55 unapata mita 4.20. Mtambo ni uleule na dereva ni yuleyule. Karibu mita nzima imetokana na chuma kilichowekwa chini ya mzigo, na mita hiyo ndiyo tofauti kati ya kupita chini ya daraja na kulizunguka kwa saa nne. Upana hauna dawa ya namna hiyo, kwa maana 3.34 hubaki 3.34 juu ya trela lolote, na kibali kitahitajika vyovyote vile.

Shingo ndiyo iliyonifanya niipende lobedi hii. Ninaposema shingo nina maana ya ile sehemu iliyopinda mbele ya trela, inayopanda kutoka kwenye sakafu ya chini hadi kwenye sahani ya kuunganishia iliyo nyuma ya kichwa cha lori. Katika aina hii pampu ya haidroliki hushusha ncha ya mbele ya sakafu mpaka ilale ardhini, pini za kufungia huondolewa, kisha kichwa huondoka na shingo yake na kuliacha trela limetandikwa kama jamvi mbele ya mtambo. Ekskaveta huingia kwa kutambaa kutokea mbele, ikipanda ukingo mdogo tu. Anayeijua hofu ya kupandisha tani 48 kwa nyuma, juu ya ngazi mbili za chuma zenye mwinuko mkali, huku minyororo ya kutambalia ikiteleza kwa matope na utingo akipunga mkono upande ambao mwendeshaji hawezi kumwona, hatahitaji kushawishiwa zaidi. Wafanyakazi wawili waliozoea huichomoa shingo kwa muda wa robo saa. Kuirudisha huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kichwa lazima kije kimenyooka sawasawa na trela, na iwapo ardhi imetitia upande mmoja wakati mtambo unapanda, ndoano za shingo hazitakutana na mahali pake hata dereva akijaribu mara kumi. Tangu siku tulipopoteza adhuhuri nzima kwa kosa hilo, tunabeba mbao ngumu za kutosha za kuweka chini ya ncha ya mbele, na sikubali tena kupakia kwenye udongo uliojazwa karibuni, hata mwenye eneo akiapa kwamba umeshindiliwa.

Shingo ya haidroliki ina faida nyingine ambayo vijitabu vya wauzaji huipitia haraka. Ikiinuliwa kidogo safarini huongeza nafasi chini ya sakafu, na ikishushwa hupunguza kimo cha mzigo, kwa hiyo dereva mwenye subira anaweza kulipitisha trela juu ya tuta na baadaye kulipitisha chini ya daraja bila kugusa lolote. Pia mgandamizo wake hubadilisha mgawanyo wa uzito kati ya ekseli za kichwa na ekseli za trela. Tumewahi kufika kwenye mizani tukiwa tumezidisha kundi la ekseli za nyuma, na kilichotuokoa ni kusogeza ekskaveta sentimita 40 mbele na kurekebisha shingo, si kupunguza mzigo, maana ekskaveta haipunguzwi kama magunia. Aina zenye shingo isiyochomoka, ambazo ni nyepesi na rahisi kutunza, hazina unyumbufu huo, ingawa kwa mtu anayebeba mtambo mmoja katika njia moja kila wiki zinaweza kuwa chaguo la busara zaidi.

Sasa lawama. Lobedi ya aina hii ni nzito yenyewe: hufikia tani 10 au zaidi ikiwa tupu, ilhali trela bapa la kawaida huwa na tani 6 au 7 hivi, na kila tani ya trela ni tani uliyojinyima kwenye mizani. Sakafu yake ya chini ni fupi, kwa kawaida mita 7 hadi 9, hivyo mzigo mrefu hulazimika kukaa juu ya shingo au juu ya magurudumu ya nyuma, na hapo faida ya kimo hupotea mara moja. Lawama kubwa kuliko zote, hata hivyo, inahusu tarakimu. Trela la kwanza nililokodi liliandikiwa sakafu ya sentimita 55. Nililiamini, nikapanga njia yenye daraja la kupita chini lililobakisha nafasi ya sentimita 8, nikaomba kibali kwa vipimo hivyo, na asubuhi ya safari, mzigo ukiwa umekwisha kufungwa kwa minyororo, nikapima kwa utepe na kupata 61. Kampuni iliyonikodisha ilieleza kwa utulivu kwamba 55 ni kwa matairi ya saizi ndogo zaidi na shingo ikiwa katika tundu la chini kabisa, na kwamba trela nililopewa lilikuwa na matairi makubwa. Sentimita 6 zilikula robo tatu ya nafasi yangu, na safari iliahirishwa kwa siku tatu ili kibali kiandikwe upya. Siku hizi sisomi kijitabu. Ninapima mwenyewe, trela likiwa limebeba na lori likiwa limesimama mahali pa usawa, na ninapima kutoka ardhini hadi ncha ya juu kabisa ya mzigo, ambayo mara nyingi si ile unayoidhania. Katika ekskaveta moja ilikuwa bomba la moshi, katika nyingine ilikuwa bomba la haidroliki lililopinda kwenye kiwiko cha mkono.

Sakafu ya chini ina gharama nyingine, nayo iko chini ya tumbo la trela. Lobedi inapokuwa imeshushwa kwa ajili ya madaraja, nafasi kati ya tumbo na lami inaweza kubaki sentimita 15 tu, na kati ya ekseli za mwisho za kichwa na ekseli za trela kuna umbali wa mita 11 hivi ambao hauna gurudumu lolote. Barabara ikiinuka katikati ya umbali huo kwa zaidi ya sentimita hizo 15, trela linakaa juu ya tumbo lake na magurudumu yanabaki kuzunguka bila kazi. Mwinuko wa namna hiyo hupatikana kwenye matuta ya kupunguza mwendo, kwenye milango ya viwanda iliyojengwa juu ya mfereji na, kwa hatari kubwa kuliko zote, kwenye makutano ya barabara na reli. Mwezi Novemba 1993, huko Intercession City katika jimbo la Florida, trela lililobeba tabo ya kuzalisha umeme yenye uzito wa tani 82 lilikwama kwa tumbo kwenye makutano ya aina hiyo, na wakati wafanyakazi walipokuwa wakihangaika kuliinua, treni ya abiria ilifika na kuligonga. Watu wengi walijeruhiwa.

Ajali ya Hixon nchini Uingereza, tarehe 6 Januari 1968, ilikuwa na chanzo tofauti, nayo ndiyo ninayowasimulia madereva wapya. Trela lilibeba transfoma ya tani 120 na lilikuwa na urefu wa takriban mita 45 pamoja na vichwa viwili, kimoja kikivuta na kingine kikisukuma. Lilipofika kwenye reli lilipunguza mwendo hadi kilomita 3 hivi kwa saa, kwa kuwa nyaya za umeme za treni zilikuwa juu na wafanyakazi walitaka kuhakikisha kwamba mzigo haugusi. Vizuizi vya makutano hayo vilikuwa vya kujiendesha, na treni ilifika sekunde 24 baada ya onyo kuanza. Fanya hesabu: kwa mwendo huo, sekunde 24 humtosha dereva kusogea mita 20 na kidogo, chini ya nusu ya urefu wa chombo chake. Simu ya kumwarifu mwongoza ishara za treni ilikuwapo kando ya reli, lakini haikutumiwa, na watu 11 wakafariki. Waliokuwa kwenye trela walikuwa makini, lakini umakini wao wote ulielekezwa juu, kwenye nyaya. Ndiyo maana katika fomu yangu ya njia kila makutano ya reli yana mistari mitatu ya kujazwa: mwinuko, kimo cha nyaya, na sekunde zinazohitajika kuvuka kwa mwendo halisi wa trela, pamoja na jina la ofisi itakayopigiwa simu kabla gurudumu la kwanza halijagusa reli.

Trela la ngazi halihitaji maneno mengi. Ni jepesi, ni rahisi kulipata, lina sakafu ndefu, na kwa mzigo wa kimo cha chini ya mita 3 na uzito wa wastani ndilo ningelichagua bila kufikiri mara mbili. Watu hukosea wanapolipachika mzigo wa lobedi kwa sababu lobedi haikupatikana wiki hiyo. Mzigo ukizidi kimo kwa nusu mita, akiba ya ukodishaji huliwa na mzunguko wa njia, nao ugumu wa kupandisha mtambo kwa ngazi za nyuma unabaki palepale.

Trela la kurefuka, lile ambalo uti wake huvutwa kama darubini ili kubeba mihimili, nguzo na mabawa ya mitambo ya upepo, limenipa furaha na maudhi kwa kiwango sawa. Likiwa limekunjwa linarudi nyumbani kama trela la kawaida, jambo ambalo si dogo, kwa maana trela tupu lisilokunjika linaweza kuhitaji kibali chake lenyewe. Likiwa limerefushwa, ekseli zake za nyuma huwa mbali mno na kichwa, na katika kila kona magurudumu ya nyuma hukata ndani, yakipanda ukingo, alama za barabarani na bustani za watu. Ekseli zinazogeuka, ziwe za kufuata pembe ya shingo zenyewe au za kuongozwa kwa rimoti na mtu anayetembea kando, hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa sana, na ningesema kwamba trela la kurefuka lisilo na ekseli za kugeuka halistahili kukodiwa kwa njia yenye hata kipilefti kimoja. Hata hivyo ekseli zikigeuka, mkia wa mzigo unaoning'inia nyuma hutupwa upande wa pili, na ni mkia huo unaogonga nguzo ya taa wakati watu wote wanaangalia upande wa ndani wa kona. Kuna jambo jingine la uti mrefu ambalo sikulitilia maanani mwanzoni: hupinda. Ukiufungia mhimili mgumu kwa minyororo iliyokazwa kupita kiasi kila mahali, barabara ya mawimbi itaukunja uti huku mhimili ukikataa kukunjika, na kinachokatika ni mnyororo.

Kwa mizigo ya tani 100 na kuendelea mazungumzo ni mengine, nayo ni ya trela la moduli lenye mistari mingi ya ekseli za haidroliki, la aina inayotengenezwa na Goldhofer, Scheuerle na wenzao. Mistari huunganishwa mmoja baada ya mwingine kadiri uzito unavyodai. Kila jozi ya magurudumu ina silinda yake inayoweza kupanda na kushuka, katika miundo mingi kwa jumla ya kiasi cha sentimita 60, na silinda hizo huunganishwa kwa mabomba katika makundi matatu au manne, ili mafuta yahame kutoka kwenye gurudumu lililopanda tuta kwenda kwenye lililoingia shimoni na uzito ubaki sawa kwa yote ya kundi moja. Kuchagua matatu au manne ni uamuzi mzito. Makundi matatu huliweka trela juu ya pembetatu kama kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbaya, lakini eneo ambalo kitovu cha uzito kinaweza kukaa salama ni dogo. Makundi manne hupanua eneo hilo, ila trela huweza kupindwa na barabara isiyo sawa na shinikizo la makundi mawili ya mshazari likapanda ghafla. Mzigo mrefu kwenda juu, wenye kitovu cha uzito kisichojulikana vizuri, nisingeuweka juu ya matatu kwa ushauri wa mtu yeyote.

Wingi wa magurudumu una maana pia kwa barabara yenyewe. Majaribio makubwa yaliyofanywa karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ukiuzidisha uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu unakaribia mara 16. Ndiyo sababu mamlaka ya barabara huweza kukubali tani 200 juu ya mistari 16 na kukataa tani 60 juu ya ekseli 4. Kwa madaraja hesabu si hiyohiyo, kwani daraja hujali pia umbali kati ya ekseli. Uzito uleule ukikusanywa katika mita 8 huibana mihimili mikuu kuliko ukitandazwa katika mita 25. Oktoba 2012, chombo cha anga za juu Endeavour kilipopitishwa katika mitaa ya Los Angeles kwa umbali wa kilomita 19 hivi, kilibebwa na majukwaa ya magurudumu yanayojiendesha yenyewe, lakini kilipofika kwenye daraja lililo juu ya barabara kuu ya I-405 kikahamishiwa kwenye kibebeo chepesi na kuvutwa na gari dogo la aina ya pikapu, kwa sababu uzito wa majukwaa yale pamoja na chombo haukuruhusiwa juu ya daraja hilo. Chombo chenyewe daraja liliweza kukibeba, na kilichozidi ni uzito wa kilichokuwa chini yake.

Hapo ndipo ninapofika kwenye huduma ya kupima njia, ambayo nimeitumia kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni kuifuata njia iliyoandikwa kwenye kibali bila kuihoji. Kibali ni ruhusa, nayo ni ya lazima, lakini katika baadhi ya maeneo ofisi inayokitoa haihakiki kimo cha kila daraja. Tarehe 23 Mei 2013, lori lenye kibali liligonga vyuma vya juu vya daraja la barabara kuu ya I-5 juu ya Mto Skagit katika jimbo la Washington, kipande cha daraja kikaanguka mtoni pamoja na magari mawili, na watu watatu waliokuwamo wakaokolewa wakiwa hai. Vyuma vya daraja lile vilikuwa vimepinda kama upinde, juu zaidi katikati na chini zaidi pembeni, nalo lori lilikuwa kwenye njia ya kulia; lingekuwa njia ya kushoto lingekuwa na nafasi ya kutosha. Kulikuwa na gari la kuongoza lenye fimbo ya kupimia kimo. Uchunguzi ulitaja maandalizi duni ya njia, mwongozaji aliyekuwa akizungumza kwa simu, na lori lililomfuata kwa karibu mno kiasi cha kutoweza kusimama. Namna ya kwanza naipa alama ya chini kabisa.

Namna ya pili ni programu za ramani za malori. Zinafaa kwa rasimu ya awali, na kwa mzigo uliozidi vipimo kidogo zinaweza kutosha, kwa kuwa zinajua vibao vya kimo na vya uzito. Hazijui kwamba lami iliongezwa mwaka jana chini ya daraja bila kibao kubadilishwa, na tabaka moja la lami hula sentimita 5 kwa urahisi. Hazijui kwamba daraja la kupita chini liko kwenye bonde, ambako trela refu, likiwa na magurudumu ya mbele upande mmoja wa bonde na ya nyuma upande wa pili, huuinua mzigo ulio katikati na kuipunguza nafasi iliyopimwa na mtu aliyesimama wima na fimbo yake. Hazijui nyaya za umeme zinazolegea wakati wa joto.

Namna ya tatu, ambayo naipendekeza bila kusita, ni mpima njia mwenye uzoefu anayeiendesha njia yote kabla ya safari akiwa na fimbo iliyowekwa sentimita 10 hivi juu ya kimo cha mzigo, utepe, kamera na kalamu. Ripoti bora niliyowahi kupokea ilikuwa na kurasa 31 kwa njia ya siku moja. Kwa kila daraja alikuwa amepima kimo kwenye kila njia ya gari, pembeni na katikati. Kwa kila kona alikuwa ameandika upana wa lami, umbali hadi ukuta au mti, na kama trela litalazimika kuingia njia ya magari yanayokuja. Na alikuwa ameonyesha maeneo manne ambapo msafara ungeweza kuegeshwa usiku au gari likiharibika, jambo ambalo wapangaji wengi hulikumbuka dereva anapokuwa amekwisha kuchoka. Aliongeza, bila kuombwa, kwamba barabara ya pili, iliyokuwa ndefu kwa kilomita 40, ilikuwa na kona chache zaidi, na kwamba yeye angeipita hiyo. Nilimsikiliza. Mwaka 2012 jiwe la tani 340 za Kimarekani lilisafirishwa kutoka machimbo ya Kaunti ya Riverside hadi jumba la makumbusho la sanaa la Los Angeles kwa usiku 11, kwa njia ya kilomita 170 hivi, ingawa gari la kawaida lingesafiri karibu kilomita 95. Kwa mtu wa nje huo ni upotevu, lakini madaraja hayapimi mzigo kwa kilomita.

Upungufu wa huduma hii ni kwamba inaoza haraka. Ripoti ya wiki tatu zilizopita haijui vizuizi vya ujenzi vilivyowekwa jana, kwa hiyo ninadai njia ipitiwe tena ndani ya siku mbili za mwisho, na mpima njia awe ndiye anayeendesha gari la kuongoza siku ya safari. Baadhi yao hukataa sharti hilo kwa kuwa huifanya kazi moja kuwa mbili. Ninaowarudia ni wale wanaokubali.

Ikiwa ningelazimika kukodi trela moja tu kwa mwaka mzima wa mizigo ya kati ya tani 25 na 50, ningechukua lobedi hii ya shingo ya kuchomoka, ekseli tatu pamoja na nafasi ya kuongeza ya nne, matairi madogo, na pete za kufungia minyororo zilizo ndani ya sakafu badala ya zile za pembeni pekee, kwa sababu mzigo mpana huzifunika za pembeni. Nina ombi moja kwa watengenezaji, nalo ni dogo. Tairi la akiba limefungwa juu ya shingo, chini kidogo ya mahali ambapo mkono wa ekskaveta hulala. Tulipopasukiwa na tairi ilitubidi kufungua minyororo miwili na kuwasha injini ya mtambo kando ya barabara ili kuuinua mkono, ndipo tulifikie.